Kikombe cha Kulinganishia: Wasifu wa Dada Yetu, Bi Rudia

Wasifu huu marehemu ameusoma kabla yenu, tena na penseli nyekundu mkononi. Mdogo wake, seremala, ambaye ndiye aliyeuandika na ndiye anayeusoma sasa, alimpelekea rasimu wodini mwezi wa nne, maana alijua dada yake hatakubali kusifiwa bila ushahidi. Penye kosa alikata. Penye shaka aliandika, "Nani kasema?" Aliporidhika aliweka alama tatu za vema, kama alivyozoea maabara. Jibu likitoka mara moja ni bahati, alikuwa akisema, mara mbili ni jirani wa bahati, mara tatu ndipo tunaanza kulisikiliza.

Alizaliwa Alhamisi, tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na karani wa posta. Rasimu ilisema saa kumi alfajiri. Akakata: "Mama alisema kumi, Baba alisema kumi na moja, na saa ya ukutani ilikuwa mbovu." Akiwa na miaka minne mama yake alimwonya kwamba pasi ya mkaa inaunguza. Akaigusa kwa kidole kimoja, akalia. Kesho yake akaigusa kwa kidole cha pili. Siku ya tatu mama alimkuta amekwisha kunyoosha cha tatu, akamwita Bi Rudia, na jina likamganda.

Alianza shule ya msingi Januari 1968, akamaliza kidato cha sita mwaka 1980. Alisomea biolojia chuo kikuu, akaajiriwa katika maabara ya utafiti tarehe 2 Februari 1987, na shahada ya tatu, ya elimu ya kinga ya mwili, aliipata mwaka 1993 akiwa kazini na mtoto mgongoni.

Mume wake ni fundi wa majokofu. Mwaka 1988 aliitwa kutengeneza jokofu la maabara, lile la baridi kali linalohifadhi damu. Akatengeneza, akaondoka. Akaitwa tena. Akaitwa mara ya tatu. Shemeji yetu mpaka leo anasema jokofu lilipona siku ya kwanza, na kwamba aliyekuwa akichunguzwa ni yeye. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Agosti 1989. Hapa marehemu aliweka vema tatu.

Kazi yake aliieleza nyumbani mara moja tu, huku akimenya vitunguu. Katika damu kuna chembe nyeupe, na baadhi yao ni wawindaji wanaoua seli zilizokwisha kuingiliwa na virusi. Virusi vya Ukimwi vina ujanja wa kujificha ndani ya walinzi wenyewe. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, na mdogo wake akadhani anamsema shangazi aliyekuwa jikoni. Chanjo aliyoitafuta ilikuwa ya kuwafundisha wawindaji wamjue adui mapema. Kila damu ya waliojitolea kuchanjwa ilipimwa sambamba na damu ya kulinganishia, ya mtu mmoja mzima wa afya, ili ijulikane nguvu imeongezeka kiasi gani. Mtu huyo alitolewa damu kila Jumatatu na muuguzi wa chumba cha pili. Chupa iliandikwa M-1. Jina lake halikutajwa, kwa kuwa sheria ya kazi ile ni kwamba mtoa damu hatajwi.

Juni 2019 majibu yakatoka mazuri mno. Chembe za waliochanjwa zilikuwa zinapigana mara tatu ya M-1. Mkuu wa maabara aliagiza keki. Marehemu hakuila. "Kitu kizuri namna hii kimetoka wapi?" aliuliza. Akashuku mashine, ikasafishwa. Akashuku dawa za kupimia, zikabadilishwa. Akamshuku fundi sanifu wake, akampa likizo ya wiki moja bila kumwambia sababu. Mwisho akafungua jokofu la mumewe, akatoa chupa za M-1 za miaka sita, akazipima moja baada ya nyingine. Waliochanjwa hawakuwa wamepanda. M-1 ndiye aliyekuwa ameshuka.

Akaiondoa ripoti siku tano kabla ya kutangazwa. Hapo ndipo manung'uniko yalipoanza. Wakuu walitaka kumjua M-1, akasema mtoa damu hatajwi. Wengine walisema amenunuliwa na wapinzani. Wengine walisema amemwonea wivu kijana aliyeandika ripoti. Wapo waliokaa hapa leo waliosema hivyo, na wamekuja na shada kubwa kweli. Mwaka uliofuata aliacha kazi.

Mdogo wake naye hakubaki nyuma. Alimwona dada yake anakonda. Aliona vidonge kwenye pochi, vimetolewa kwenye boksi lake. Aliona anakwenda hospitali kila Jumatano na hasemi. Mtaani wakasema amejichoma sindano ya kazini, na yeye akajiambia lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mtu huyu alikuwa amefundishwa na dada yake kwa miaka thelathini kwamba Ukimwi haupiti kwenye kikombe. Hata hivyo Jumapili moja ya Novemba 2020, dada alipokuja kumtembelea, alimtengea chai kwenye kikombe cha kijani, kilichokuwa cha kuwekea misumari.

"Mbona leo cha kijani?"

"Vingine vichafu, dada."

Akavitazama vikombe vinne visafi vilivyofudikizwa kwenye sinia. "Kumbe na mimi nimewekewa kikombe cha kulinganishia," alisema. Akanywa chai yote, akakiosha mwenyewe, akakiweka peke yake pembeni ya sinki.

Februari 2022 alianguka bafuni, na daktari akaiambia familia kwamba ana saratani ya damu, na ameishi nayo miaka mitatu na ushee. Shemeji peke yake alikuwa anajua. M-1 alikuwa ni yeye. Mchana ule alipopima chupa za zamani alijua mambo mawili kwa pamoja: chanjo imeshindwa, na anaumwa. Moja alilitangaza.

"Kwa nini hukusema?" mdogo wake alimuuliza.

"Ningesema naumwa tangu lini, wangemjua mtoa damu."

"Lakini mtoa damu ni wewe."

"Sheria haikusema isipokuwa mimi."

"Na mimi nilikutilia shaka, dada."

"Kutilia shaka si kosa," alisema. "Hata mimi nimekula mshahara kwa kutilia shaka. Kosa lako hukuuliza."

Mdogo wake aliona aibu ambayo mpaka leo haijamtoka. Katika rasimu alijaribu kuificha. Aliandika kwamba ndugu zake hawakuwahi kumshuku hata siku moja. Marehemu alikata kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika: "Uongo. Andika kikombe." Akakiandika. Aliporudishiwa ukurasa aliweka vema tatu, na chini yake maneno haya: "Sasa unaweza kumtaja M-1."

Alifariki Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi kwa saa mbili tofauti, ya muuguzi na ya mumewe. Jana yake aliomba chai. Akanywa nusu ya kikombe, akamsogezea mdogo wake kilichobaki, akamtazama. Mdogo wake alikunywa chote, na ilikuwa imepoa.

Ameacha mume, binti ambaye ni mwalimu wa hesabu, mwana ambaye ni fundi umeme, wajukuu watatu wasioamini kitu, mdogo wake mmoja, na jokofu lenye chupa za damu ya waliochanjwa za miaka mingi, ambazo wenzake wadogo wameanza kuzipima upya kwa damu nyingine ya kulinganishia.

Mstari wa mwisho wa rasimu ulisema apumzike kwa amani. Hapo hakukata, wala hakuweka vema. Aliandika, "Hili nitalihakiki mwenyewe."

Haya, dada. Kalihakiki mara tatu.