Mto Uwe na Saa za Kazi

Kijiwe chetu kiko pale barabara inapokatikia, hatua thelathini kabla ya matope ya mdomo wa mto. Ni benchi moja refu, kreti la kuwekea vikombe, na birika langu. Mimi ndiye muuza kahawa, kwa hiyo kila neno nalisikia hata nisipotaka. Jumatano ile, saa nne asubuhi, Spika alikuja na bahasha ya halmashauri. Ni karani mstaafu wa shule, na jina hilo tulimpa kwa sababu hawezi kumaliza kikombe bila kufungua kikao. Ndani ya bahasha mlikuwa na picha kubwa ya ufuko wetu, imepigwa kutoka angani, na fomu ya ukurasa mmoja: wakazi wapendekeze matumizi endelevu ya ufuko, mwisho siku hiyohiyo saa sita mchana. Kushoto kwake alikaa Saruji, mfyatua matofali. Kulia alikaa Kalafati, fundi wa kuziba nyufa za boti. Saruji amemuoa dada yake Kalafati, na hilo si jambo dogo katika habari hii.

– Kikao kimefunguliwa, akasema Spika. Endelevu maana yake nini?

– Kitu kinachoendelea, akajibu Saruji. Kama ukuta. Najenga ukuta mbele ya bahari, bahari inaula, najenga tena. Wajukuu wangu nao watajenga.

– Wahenga wanasemaje?

– Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ndiyo maana mimi ufa siuzibi.

Kalafati akacheka, akaniomba kikombe cha pili. Saruji akachukua penseli, akavuta mstari mnene kutoka kwenye mikoko hadi darajani.

– Nyuma ya ukuta tunaweka nini? akauliza Spika.

– Njia ya matembezi, yenye mabenchi.

– Benchi tunalo.

– Hili moja? Mgeni akija atakaa wapi, mapajani mwako?

– Basi huyo mgeni atataka na pa kulala.

– Andika hoteli. Hapa, juu ya haya matope. Ghorofa nne. Pamekaa bure tu hapa, hata mti hapana.

– Na mikoko? nikauliza, ingawa si kazi yangu.

– Mikoko itabaki, akasema Saruji. Tutaipanda kwenye vyungu, pale getini.

Spika aliandika: vyungu. Kisha akanyanyua penseli.

– Tatizo ni maji. Mto unaleta tope, bahari inaleta chumvi. Mgeni hataoga humo.

– Tuutenganishe na bahari. Mto tuuwekee lango. Lifunguliwe saa mbili asubuhi, lifungwe saa kumi jioni. Mto nao uwe na saa za kazi kama sisi.

– Na Jumapili?

– Jumapili upumzike. Mvumilivu hula mbivu.

Wakati huo Kalafati alikuwa hacheki tena. Alikuwa ameinamia picha, kidole chake kimesimama juu ya mstari wa ukuta.

– Shemeji, hapa umepita wapi?

– Hapo palikuwa na kanafasi.

– Hako kanafasi ndiko ninakopandishia boti. Baba alipandishia hapo kabla yangu. Ukijenga ukuta, boti nizivute kwa kamba kama ndoo kisimani?

– Maendeleo hayana shemeji, akasema Saruji, lakini hakumtazama usoni.

– Sawa. Nifikishie salamu kwa dada yangu. Mwambie nimekuelewa vizuri sana.

Benchi likawa zito. Spika akajaribu kulinyanyua.

– Mchuma janga hula na wa kwao, akasema. Kwa hiyo tugawane. Ukuta nusu, boti nusu.

Hakuna aliyecheka.

Ndipo akapanda kutoka topeni mama mmoja anayeokota chaza, ndoo kichwani, matope hadi magotini. Kila siku hupita hapo akatusalimu tu na kwenda zake. Siku hiyo alitua ndoo, akaomba kahawa, akaitazama picha akiwa wima.

– Tunapanga ufuko, dada, Spika akamweleza. Una mchango?

– Sina, kaka yangu. Nina swali tu. Hapa mlipoandika hoteli, maji yakijaa ndipo yanapolala. Yakija yakaikuta hoteli, yataenda kulala wapi?

Spika aligeuza picha akatazama nyuma yake, kana kwamba jibu limeandikwa huko. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakageuza shingo kutazama mtaa ulio nyuma yetu, uliobonyea kama sahani. Nyumba ya Spika iko huko. Ya Saruji ndiyo ya chini kuliko zote, na dada yake Kalafati alikuwa uani anaanika nguo.

– Swali lipelekwe kwenye kamati, akasema Spika.

– Kamati si ndiyo nyinyi? akauliza mama.

Akanywa kahawa yake, akanishukuru, akajitwika ndoo na kuondoka.

Saruji akasema, kwa sauti ya chini:

– Shemeji, maji makubwa huwa yanafika wapi hasa?

– Kukuonyesha kwa kidole hapa hutaelewa. Mpaka tushuke.

Saruji akainama kufungua viatu. Miaka yote aliyofyatua matofali pembeni mwa matope yale, hakuwa ameyakanyaga hata siku moja. Spika akakunja suruali, akasema kikao kinahamia chini, akaiinua fomu juu ya kichwa kama mtu anayevuka mto.

Hatua ya tatu tu, mguu wa Saruji ukazama hadi karibu na goti, akayumba. Kalafati alikuwa ameshatangulia. Akasimama, akarudi nyuma.

– Shika bega langu, akasema. Hapo pana utelezi.

Saruji akalishika.