Kipande Kilichobaki

BIBI: (mfuniko wa sufuria unagongagonga) Haloo? Nani huyu, hata jogoo hajawika?

CHIRIKU: Mimi, Bibi. Shikamoo.

BIBI: Marahaba, Chiriku wangu. Ngoja niishushe sufuria, maji ya mama yako ya kuoga yanamwagika. (sufuria inatua chini) Haya. Mbona unanong'ona?

CHIRIKU: Mama amelala?

BIBI: Kasinzia sasa hivi. Uko wapi wewe?

CHIRIKU: Kazini. Nje ya maabara, nangoja wafungue. Mlinzi amenipa kiti chake.

BIBI: Na yeye kakaa wapi?

CHIRIKU: Amesimama.

BIBI: Mungu amzidishie. Mwambie nimesema —

CHIRIKU: Bibi, nimeharibu.

BIBI: Umeharibu nini?

CHIRIKU: Kile kinyama alichokatwa Mama kwenye uvimbe. Kililetwa kwetu. Nimekipima mimi.

BIBI: Si uliniambia mtu hapimi wa kwake?

CHIRIKU: Ndiyo sheria. Lakini vichupa havina majina, ni namba tu, na namba ya Mama naijua. Nikanyamaza. Nikaona mwingine atafanya harakaharaka, mimi ndiye nita—

BIBI: Sikusikii. Mtandao unakwaruza. Sogea kidogo.

CHIRIKU: Sasa?

BIBI: Sasa ndiyo. Nieleze taratibu, mjukuu wangu, shule yangu unaijua ilipoishia. Mlikuwa mnatafuta nini humo?

CHIRIKU: Vipokezi. Ni protini zinazokaa juu ya seli, kwenye ngozi yake ya nje. Chukulia vishikio vya sufuria. Ile dawa ya majaribio inashika hapo, haina pengine pa kushika. Uvimbe ukiwa navyo, Mama anapewa dawa. Usipokuwa navyo —

BIBI: Nimeelewa. Umeviona?

CHIRIKU: Tunatia rangi. Vikiwepo, panageuka kahawia. Jana jioni nikaangalia kwenye hadubini. Hakuna kahawia, Bibi. Hata tone.

BIBI: Subiri nikae.

CHIRIKU: Bibi?

BIBI: Nipo. Nimeshakaa, endelea.

CHIRIKU: Lakini siwezi kusema ndiyo hivyo. Kila tukipima tunaweka pembeni kipande cha mtu mwingine, tunayejua anavyo. Chake kikishika rangi, unajua rangi ni nzima. Jana sikukiweka. Sijawahi kusahau tangu nianze kazi hii. Akili yote ilikuwa kwa Mama. Sasa sijui ni Mama hana, au ni rangi yangu imekataa.

BIBI: Basi si kipimwe tena?

CHIRIKU: Kimebaki kipande kimoja. Chembamba kama ganda la kitunguu. Kikiharibika hicho, wamkate upya.

BIBI: Hatamudu. Ungemwona alivyo... Sikulaumu.

CHIRIKU: Naogopa kuja. Akiniangalia usoni atajua.

BIBI: Anachojua ni kwamba huji. Sikiliza. Hicho kipande usikiguse. Mkubwa wako ni mtu wa namna gani?

CHIRIKU: Daktari? Mkali. Hacheki. Ila mfagizi wetu alipofiwa, tulimkuta Daktari asubuhi anafagia mwenyewe, ili yule mama asikatwe mshahara.

BIBI: Mtu wa hivyo anaambiwa ukweli. Mwambie ni mama yako, na kilichotokea jana. Apime mwingine, wewe ukae nje.

CHIRIKU: Akinifukuza?

BIBI: Utakuja kunichotea maji. Mgongo wangu utamshukuru sana.

CHIRIKU: (anacheka, anavuta kamasi) Na kama kweli Mama hana?

BIBI: Naogopa kama wewe. Nikimwogesha, naanza na mgongo, nakawia hukohuko, asinione uso.

CHIRIKU: Bibi... gari la Daktari hilo linaingia. Na salio langu linaisha.

BIBI: Nenda, usimpe nafasi ya kuvua koti. Nen— ngoja. Mama yako huyu hapa, kasimama kashika ukuta. Anataka simu.

CHIRIKU: Amesikia?

MAMA: Chiriku.

CHIRIKU: Shikamoo, Mama.

MAMA: Marahaba. Umekula?

CHIRIKU: Bado. Mama, mimi —

MAMA: Usinieleze. Kuta za nyumba hii ni nyembamba, na bibi yako akinong'ona anasikika mpaka kwa jirani. Nenda kwa mkubwa wako. Halafu Jumapili uje.

CHIRIKU: Majibu hayatakuwa tayari.

MAMA: Nani kakuuliza majibu? Njoo tena unione, hata ukikaa tu hapa ukalia. Nitakuachia nafasi kitandani, upande wa ukutani. Utakuja?

CHIRIKU: Nita— (simu inakatika)

MAMA: Haloo? Uje, sawa? Haloo?