Pigo la Kuazima la Bi Verna Kleinig

Colin Obst anasema kuku wake waliacha kutaga wiki nzima. Anasema alikuwa ndani ya pikapu yake, nje ya lango la Tristan Mibus, akasikia mlio wa chuma ukapasua hewa mpaka kengele ya kanisa ikaitikia. Anasema magari yalikuwa thelathini, na yeye Colin ndiye wa kwanza kushuka kumuunga mkono Bi Verna.

Mkewe, Joylene, akisikia hivyo huweka kikombe chini.

"Thelathini? Yalikuwa tisa, mzee. Na wewe hukushuka. Nilikusukuma."

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Bi Verna Kleinig wa hapa Lindenfeld, aliyefariki Jumanne asubuhi akiwa na miaka themanini na sita. Bi Verna Kleinig. Wengi mnamjua kwa matango yake ya kuloweka kwenye siki, yaliyochukua utepe wa kwanza kwenye maonyesho ya wakulima mara kumi na moja. Wengine mnamjua kwa maneno aliyoyasema kanisani mwaka 2017. Sisi tutaanza na madebe.

Hapa kwetu mtu haoi kimyakimya. Ijumaa kabla ya harusi majirani huenda langoni kwa maharusi, kila mmoja na chombo chake. Madebe ya mafuta ya taa, masufuria, minyororo. Wanagonga mpaka maharusi watoke na kuwalisha. Lakini kelele haianzi ovyo. Pigo la kwanza ni la mkubwa wa nyumba. Mkubwa wa nyumba asipogonga, hakuna anayegonga. Na harusi isiyogongewa, watu huitaja kwa sauti ya chini.

Bi Verna alikuwa na sahani ya plau la kulimia la baba yake. Chuma kizito, tundu katikati, kimening'inizwa kwa waya na kugongwa kwa bolti. Dada yake, Bi Irma, aliyemzidi miaka mitatu, alikuwa na kifuniko cha sufuria kubwa ya jamu. Verna akigonga moja, Irma anajibu mbili. Walisikika wakiwa wawili tangu utotoni.

Mwaka 1951, kwenye harusi ya binamu yao, Verna alishindwa kusubiri. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Akagonga kabla ya mkubwa wa nyumba. Watu wakageuka. Baba yake akanyoosha kidole kuelekea nyumbani, kilomita nne kwa miguu. Verna akaondoka analia. Alipofika darajani akasikia hatua nyuma yake. Ni Irma. Alichukua ile sahani, akaibeba mpaka nyumbani.

Bi Verna aliolewa na Erwin Kleinig, wakalima mizabibu. Erwin alipopooza, mkewe alimlisha kwa kijiko miaka tisa. Jumapili alifundisha watoto Biblia. Kila mwezi alifua vitambaa vya madhabahu na kuvipiga pasi. Benchi la tatu kushoto lilikuwa lake na la Irma.

Sasa tuje kwa Tristan. Tristan Mibus ni mjukuu wa Bi Irma. Baba yake alishatangulia, kwa hiyo mkubwa wa nyumba ya Mibus ni bibi yake. Mwaka 2009 alikuja kwake kijana mmoja wa kuendesha mashine ya kuvuna zabibu. Anaitwa Owen. Mavuno yakaisha, Owen hakuondoka. Mji mzima ulimwita "mpangaji wa Tristan", na mji mzima ulijua.

Mwaka 2015 Tristan alianguka kutoka juu ya mashine, akavunjika nyonga. Miezi minane hakusimama. Bi Verna alipeleka supu kila Alhamisi. Siku moja alifika mlangoni akamkuta Owen, na ndevu zake zote, amepiga magoti sakafuni, miguu ya Tristan mapajani mwake, anamkata kucha. Tristan anafoka, "Unanikata nyama, wewe!" Owen anamjibu, "Tulia, au nitakupaka na rangi."

Binti yake Bi Verna, Glenys, anakumbuka jioni ile.

"Mama alirudi na sufuria ya supu bado imejaa. Akakaa. Akaniambia, 'Glenys, leo nimejiona mwenyewe. Nilikuwa na ndevu.'"

Halafu mwaka 2017 ikaja ile bahasha. Mnaikumbuka. Kila nyumba ilipata karatasi ya kuuliza kama sheria ibadilishwe, watu wa jinsia moja waruhusiwe kuoana. Ndiyo au Hapana. Bi Verna aliibana yake kwenye mlango wa friji kwa sumaku. Ikakaa pale wiki tatu. Glenys anasema kila asubuhi mama yake alisali mbele ya friji, mikono imefumbatwa, "kama anaomba maziwa." Wiki ya nne akakaa mezani, akaweka alama, akalamba bahasha, akaenda posta kwa miguu.

Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Lakini Jumapili ile wanawake wa kanisa walipitisha barua ya kupinga, kila mtu aitie sahihi. Ilipofika kwake hakushika kalamu. Alisimama.

"Mimi ni Mkristo," alisema, "na nimeweka alama kwenye Ndiyo. Msiseme siku hiyo ukristo niliusahau mahali. Nilikuwa nao mezani. Nimewafundisha watoto wenu Biblia miaka thelathini na mbili. Niliwafundisha kwamba Mungu alimwona mtu yuko peke yake, akasema si vema. Sikuwafundisha kwamba wapo watu ambao kwao ni vema."

Kisha sauti ikatoka nyuma, "Na hizo keki zako pale mezani, tuzile au tuzitupe?"

"Zileni tu, mama. Keki hazijapiga kura."

Wachache walicheka. Mchungaji hakucheka. Nje, kwenye maegesho, Bi Irma alimshika mdogo wake mkono.

"Mjukuu ni wangu, Verna. Ungeniacha nimlilie mwenyewe."

"Analiliwaje, dada? Hajafa."

Irma akauachia ule mkono.

Hakuna aliyemfukuza Bi Verna kanisani. Jina lake lilitoka tu kwenye zamu ya vitambaa vya madhabahu. Irma akahamia benchi la upande wa kulia. Bi Verna aliendelea kukaa palepale, benchi la tatu kushoto, mkoba wake ukiwa mahali pa dada yake. Hakukosa Jumapili hata moja.

Sheria ikabadilika. Harusi ikapangwa Mei 2018, mavuno yakishaisha. Ikafika Ijumaa ya madebe.

Saa kumi jioni Bi Verna alikuwa langoni, sahani ya plau imening'inia kwenye tawi la mkalitusi. Magari yalikuja moja moja, yakaegeshwa kando ya barabara, injini zikazimwa. Hakuna aliyeshuka. Watu walikaa ndani, madebe mapajani, wakitazama ng'ambo ya barabara. Nyumba ya Bi Irma iko pale. Wote walikuwa wakisubiri mkubwa wa nyumba.

Bi Verna naye alisubiri. Alisubiri nusu saa nzima kwenye baridi. Mlango wa Irma haukufunguka. Dirisha la jikoni tu ndilo lilikuwa wazi, na Verna alimjua dada yake. Irma hafungui dirisha mwezi wa Mei, baridi ikishaingia.

Akiwa na miaka sabini na tisa, Bi Verna Kleinig akainua bolti, akagonga kabla ya mkubwa wa nyumba. Kwa mara ya pili maishani mwake.

Akagonga moja. Akaacha nafasi ya zile mbili za kujibu. Hazikuja. Akagonga tena moja, akaacha nafasi. Alienda hivyo, peke yake, mpaka mlango wa pikapu ukafunguka na Colin akatua chini kama gunia. Debe lake likalia lenyewe. Basi yote yakalipuka.

Ndani ya nyumba, Owen alidhani wamekuja kuwatukana. Si mtu wa huku, hakuwahi kualikwa kwenye madebe, na Tristan hakuwa amemweleza. Aliogopa kumweleza, halafu asije mtu. Owen akachukua fagio, akasimama mbele ya Tristan. "Kaa nyuma yangu!" Tristan alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Alikwenda chumba cha kufulia, akarudi na trei tatu za keki alizozificha tangu asubuhi.

"Weka fagio chini, mpenzi," alisema. "Hao ni watu wetu."

Jumapili iliyofuata Bi Irma alivuka kutoka upande wa kulia mpaka benchi la tatu. Miezi minane hawakuwa wamesemezana.

"Pigo la kwanza lilikuwa langu," alisema.

"Lilikuwa lako, dada," Verna akamjibu. "Bado ni lako. Nililiazima tu."

Irma akarudi kwenye benchi lake.

Kila mwaka baada ya hapo, Ijumaa ileile ya Mei, Bi Verna alitundika sahani ya plau kwenye ule mkalitusi, akakaa kwenye kiti cha kukunja mpaka jua lizame. Alikuwa hagongi. Owen alimletea chai. Tristan akimwuliza, "Bibi Verna, tugonge basi," alimjibu, "Si langu mimi, mwanangu."

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Glenys. Tunawapa pole Tristan na Owen. Tunampa pole Bi Irma Mibus, aliyefiwa na mdogo wake wa pekee. Na kila mmoja wetu alikumbuke lango lake, lile alilokaa nje garini, chombo mapajani, akisubiri mwingine aanze.

Bi Verna Kleinig atazikwa Jumamosi saa nne asubuhi. Tristan ametuomba tusome ujumbe huu kwa bibi yake. Tunausoma kama alivyouandika.

"Bibi, Jumamosi saa kumi jioni sahani itakuwa kwenye mti. Nimeishusha kidogo usihangaike kunyoosha mkono. Hakuna atakayegonga kabla yako. Njoo na kifuniko chako."

Jana tulimpigia Bi Irma simu, tukamsomea maneno haya kwanza, asije akashtuka. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Aliuliza tu kama kweli tutayasoma redioni. Tukamwambia tutayasoma. Akakata simu.

Bi Irma, tumeyasoma.