Saverio Kidega, Aliyerudi Kuwahesabu Waendao kwa Miguu

Marehemu Saverio Kidega alizaliwa Luzira tarehe 9 Mei 1981, mtoto wa pili wa askari jela, hayati Mzee Ocaya, na Mama Abalo, wote wenyeji wa Gulu. Katika kambi ya askari jela alikokulia alijulikana kwa ubishi. Ukimwambia kuna viti kumi, atavihesabu kwanza ndipo akae, na wageni wamesimama wanamngoja.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Luzira, sekondari Kibuli, akahitimu uhandisi Makerere mwaka 2005. Tarehe 12 Desemba 2009 alifunga ndoa na Nafuna, na Mungu akawajalia watoto wawili.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza programu za kompyuta zinazoigiza barabara: magari, bodaboda na watu wanaovuka. Kamera huwapiga picha watu, programu huwahesabu, na kwa hesabu hiyo huamuliwa kivuko kichorwe wapi. Mwaka 2019 aliandika ripoti kwamba pale Kabalagala wanaovuka asubuhi ni wachache, kivuko hakihitajiki. Miezi minne baadaye gari lilimgonga hapo mama mmoja muuza ndizi, akafa. Saverio aliomba picha za kamera. Masikini! Mama alionekana wazi, beseni kichwani, lakini programu haikuwahi kumhesabu. Ilikuwa imefundishwa kwa picha za watu wasiobeba kitu kichwani, basi kila mwenye beseni ilimwona si mtu. Na Saverio hakuwa ameikagua.

Angeweza kunyamaza, maana hakuna aliyejua. Alikwenda msibani Kibuli, akavua viatu, akaketi mkekani mbele ya Zuleika, binti wa yule mama.

"Mimi ndiye niliyeandika kwamba pale watu hawavuki," alisema. "Nisamehe, mwanangu."

"Kwani mama yangu hakuwa mtu?" Zuleika aliuliza, akainuka akaingia ndani.

Neno hilo lilimchoma. Alisimama Kabalagala siku ishirini, jua na mvua, akihesabu kwa kalamu, kisha akaifundisha programu upya kwa picha za wachuuzi wetu. Kivuko kilichorwa Februari 2021. Dada yake, Laker, akamwambia, "Haya, sasa jisamehe, wewe mbishi." Akajibu, "Yule mtoto bado hajaniambia kitu."

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua, ikawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Zuleika aliposikia, alimletea uji hospitali kila Jumapili, akakaa naye, akaondoka bila kuligusa lile jambo. Saverio naye aliona haya kuuliza tena. Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Novemba 2025, saa nne asubuhi, kabla hajajibiwa. Hilo linatuuma sana sisi ndugu zake.

Ameacha mama yake, dada yake Laker na mjane wake Nafuna. Jana, karatasi hii ikiwa tayari kwenda kuchapwa, Zuleika alikuja nyumbani akasema, "Mnapowaandika watoto wake, niandikeni na mimi."

Basi, ameacha watoto watatu: Zuleika, Aol na Ayot.

Mungu ampe utulivu alioukosa. Apumzike.