Paka wa Marehemu Mama

Kwenye kiti cha mbele yangu basini, fundi cherehani wa mtaani kwetu alimpakata paka mzee wa marehemu mama yake. Kinyozi aliyekaa naye, mtu asiye na breki mdomoni, akacheka. "Dada, paka naye anapelekwa kusafishwa meno? Mpe mfupa!"

"Atautafuna na nini, kaka? Fizi zimeoza, hata maziwa yanamshinda. Asipotibiwa atakufa njaa. Na daktari anasema, kwa moyo wake ule dhaifu, akichomwa sindano ya usingizi huenda asiamke."

"Basi mwache afie nyumbani."

"Kila jioni bado anamngoja mama mlangoni. Akiondoka yeye, nani mwingine atamngoja?"

Kinyozi akanyoosha mkono, akamkuna paka shingoni taratibu. Sijawahi kumwona hivyo.

Basi likasimama mbele ya kliniki ya wanyama. "Ungekuwa wewe," dada akamuuliza, "ungeshuka?"

Sote tukageukia madirisha, asije akatuuliza na sisi.