Ukurasa wa Tisini na Nne

Kijiwe chetu kipo Chust, pale safu ya mafundi visu inapoishia na mgahawa wa chai wa Holmat unapoanza. Ni kitanda kipana cha mbao chini ya mforosadi, kimetandikwa zulia lililochakaa, na sisi tunaokikalia kila siku baada ya adhuhuri ni wanne. Kuna Mashine, ambaye jina lake ni Abdukahor, fundi visu wa kwanza mtaani kununua mashine ya umeme ya kunolea. Kuna Redio, muuza kofia, habari haimpiti hata ikitembea kwa kunyata. Kuna Wakili, aliyekuwa karani wa mahakama kwa miaka ishirini na mbili na hajatetea mtu hata mmoja. Wa nne ni mimi, Tolib. Nafunga mipini ya pembe na mifupa kwenye visu vya watu wengine. Kufua chuma niliacha zamani.

Siku ninayoisimulia Redio alichelewa. Alipofika alikuwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwa taulo.

— Futeni mikono kwanza, — alisema. — Mkwe wangu kakituma kutoka Tashkent. Binti yangu kaandika tafsiri kwa penseli.

Kilikuwa kitabu, kizito kama tofali, chenye picha za visu na majambia ya dunia nzima. Vya Nepal vilivyopinda kama mgongo wa paka, vya Yemen vyenye ala za fedha, vya Finland vyenye mipini ya gome la mti. Mwenye kitabu tulimfahamu. Ni Matthias, yule Mjerumani mrefu aliyekaa kwetu siku tisa mwaka juzi, akikusanya visu na kuvipiga picha. Alikula palov yetu, wali wa nyama na karoti, na kulala chumba cha juu kwa Holmat. Shuka ya mke wangu aliitundika kwenye mforosadi huu huu, maana kisu kilichong'arishwa ni kioo: ukikipiga picha hovyo unajipiga mwenyewe na pua yako.

— Nenda tisini na nne, — Redio aliniambia.

Nikafungua. Kisu kimoja kimejaza ukurasa mzima. Ncha imeinuka kidogo, mpini wa pembe, na juu ya bapa, karibu na mpini, mhuri wa hilali na nukta tatu. Nilihisi masikio yanapata moto. Chini yake binti wa Redio alikuwa ameandika: "Kisu cha Chust. Fundi hajulikani. Huenda kina zaidi ya miaka mia."

— Hajulikani, — Wakili alisema polepole, kama anayeonja chai yenye chumvi. — Hajulikani nani? Huo si mhuri wa marehemu Yuldash?

— Ni wa Yuldash, — Mashine alisema. — Na kisu ni kile cha jikoni hapa. Mpishi Ilhom alikuwa anakatia karoti za palov kabla hajaenda Urusi. Miaka mia wapi? Marehemu ana miaka minne tu kaburini.

— Basi mwizi yule, — Redio alisema. — Kala chumvi yetu kisha kamfuta mtu jina.

— Usiseme mwizi bila ushahidi.

— Wakili, usinianze. Kisu kiko wapi sasa? Kiko kwake Ulaya. Kampa Ilhom saa ya mkononi, akaondoka nacho.

— Huo ni mkataba wa hiari. Kosa ni hilo neno "hajulikani". Mnajua kwa nini kaliandika? Fundi asiyejulikana hana warithi. Asiye na warithi hadai. Wamekaa mezani wakalipanga.

— Wakina nani?

— Wenye vitabu.

Mashine alitema kipande cha jani la chai. Alikuwa amekasirika kuliko sisi sote, shingo imemvimba.

— Nyie watoto kabisa. Hamkuona alikuwa anaweka rula chini ya kila kisu? Rula ya nini kwenye picha? Anapima. Vipimo vinakwenda kiwandani, mashine zinatoa visu laki moja kwa wiki, vimeandikwa "Chust". Mwakani tunauza njugu.

— Rula si kitu, — Redio alisema. — Mimi nimesikia kuna kamera zinaingia ndani ya chuma. Anapiga picha, nyumbani anaipitisha kwenye kompyuta, inamwambia ulikichovya kwenye mafuta au kwenye maji, na ulisema bismillahi au hukusema.

— Hiyo ya bismillahi umeongeza wewe.

— Niliyoongeza ni hiyo tu.

— Mimi nasema ni jasusi, — Mashine alisema. — Alitaka kujua kila mwenye tanuru anakaa wapi. Ikitokea vita, watu wa kwanza kubanwa ni wahunzi. Mimi siku ile ile nilimshtukia.

— Ulimshtukia na ukamuuzia visu sita?

— Nilikuwa namchunguza.

Niliangalia mhuri ule. Miaka saba nilikuwa mwanafunzi wa Yuldash. Mkono wangu unaujua uzito wa kile chuma cha mhuri kama unavyojua uzito wa kijiko.

Tulikuwa bado tunapokezana kitabu na matusi ndipo Mavjuda alipokuja. Ni binti wa Yuldash, peke yake aliyebaki kwenye karakana ya baba yake. Anafua mwenyewe, mikono imejaa alama za cheche hadi kwenye viwiko. Alisalimia, akaweka furushi la turubai pembeni ya zulia, akakaa ukingoni bila kuvua viatu.

— Karibu binti yetu, — Redio alisema. — Tena umekuja wakati wake. Tazama walivyomfanyia baba yako. Hapa sisi damu inachemka.

— Nimekwisha kuiona hiyo picha, baba.

Akafungua furushi. Vilikuwa visu kumi na viwili, vipya, vyote vina hilali na nukta tatu.

— Nilivipeleka kwa muuza visu mmoja wa Tashkent. Jana kanirudishia vyote. Kafungua kitabu hicho hicho mbele yangu, mbele ya wateja. Kasema mhuri huu ni wa kale, mwenyewe hajulikani, kwa hiyo mimi naughushi. Kaniambia nishukuru haiti polisi.

Hakulia wala hakupandisha sauti. Alikuwa na hasira ile kavu ya mtu aliyekaa kwenye basi njia nzima akiipanga.

— Umeona? — Mashine alisema. — Tumwandikie huyo Mjerumani barua ya kumvunja meno.

— Kabla ya barua nataka kuuliza kitu kimoja. Alipowauliza kisu hiki kimetengenezwa na nani, mlimwambiaje?

Ndani mgahawani tulimsikia Holmat akiongeza kuni kwenye samawari.

— Hakuuliza, — Mashine alisema.

— Aliuliza juu ya kila kisu. Mkalimani wake alikuwa na daftari, mtaa mzima ulimwona akiandika.

— Labda hicho alikipiga picha akiwa peke yake. Sisi hatukuwepo.

Mavjuda akavuta kitabu, akakigeuza kituelekee. Akaweka kidole katikati ya bapa, chini kidogo ya mgongo wa kisu.

— Na hawa ni nani?

Tuliinama. Siku ile upepo ulikuwa umeangusha shuka, sasa nakumbuka, na Matthias alisema iachwe hivyo hivyo, kisu kimependeza kikiwa na mtaa ndani yake. Na kweli mtaa ulikuwemo. Kulikuwa na tawi la mforosadi, kona ya kitanda, na watu wanne wamekaa, wadogo kama punje za mchele. Kofia ya Redio ilionekana wazi. Mkono wa Mashine ulikuwa hewani, anaeleza jambo.

Mashine alichukua birika akammiminia Mavjuda chai, akajaza bakuli mpaka juu kabisa. Kwetu mgeni unayemtaka akae humiminiwa nusu, ili upate sababu ya kumwongeza. Mavjuda alilitazama bakuli lile, akalisogeza kando.

— Sijaja kunywa chai. Baba Sattor, ulimwambiaje?

Lilikuwa jina halisi la Redio, na sijui ni lini nililisikia mara ya mwisho. Alivua kofia akaikunja.

— Nilisema kisu kilikuwa cha jemadari wa enzi za makhani, wale watawala wa kale. Alikuwa anafurahi sana akisikia hadithi, mwanangu. Nilimpa hadithi.

— Miaka mia imetoka kwako.

— Imetoka kwangu.

— Baba Nizom?

Wakili alikohoa.

— Mimi niliona kila mtu anasema lake. Nikasema kwa hali ilivyo, haiwezekani kujua kwa hakika.

— Ulijua?

— Harusi yangu kondoo alichinjwa kwa kisu cha baba yako.

Hakumuuliza Mashine. Aligeuka kwangu, na nilitamani ardhi inipe nafasi.

— Na wewe, kaka Tolib. Ulikula kwetu miaka saba. Ulisemaje?

— Sikusema kitu.

— Ulimsikia Sattor akisema jemadari?

— Nilimsikia.

— Ukanyamaza kwa nini?

Ningeweza kusema nilikuwa na usingizi. Lakini nilishamwona anavyotukunjua mmoja mmoja, nikachoka kabla hajanifikia. Nikamweleza. Mwaka wa saba nilifua kisu, nikakipoza vibaya kwenye maji, na kwa kuwa mteja alikuwa na haraka nikakipigia mhuri wa baba yake bila kumwonyesha. Kikavunjika mkononi mwa mchinjaji na kumkata misuli ya kidole gumba. Yuldash hakunipiga. Alinyoosha mkono, akasema nipe mhuri, kisha akasema nenda nyumbani. Yalikuwa maneno hayo tu, mbele ya mteja. Miaka kumi na tisa nimepita mlangoni kwake nikitazama upande wa pili. Hata mazishini nilisimama mstari wa nyuma. Siku Mjerumani alipouliza, nilisikia jina lake limefika kwenye ulimi, nikaona raha kulimeza.

— Raha, — Mavjuda alisema.

— Ndiyo. Ya siku moja.

Alitoa karatasi na kalamu kwenye mfuko wa koti, akaviweka juu ya kitabu.

— Yule wa Tashkent kasema nikileta maandishi ya watu wanaoujua mhuri, atavipokea visu. Na huyo Mjerumani anwani yake ipo ukurasa wa mwisho.

Niliandika. Jina la baba yake, la babu yake, mtaa, mwaka aliochonga ule mhuri, na kwamba kisu cha ukurasa wa tisini na nne nilimwona akikifua kwa macho yangu, mimi ndiye niliyevuta mvukuto. Alisoma mpaka mwisho.

— Hujaandika kwamba siku ya picha ulikuwepo.

Nikaongeza.

— Shahidi mmoja hatoshi, — Wakili alisema, hakumtazama mtu. — Mahakamani wangeitupa hiyo.

— Sasa wewe unajipendekeza kwa nani? — Mashine alimwambia. — Mkiandika huo ujinga, kitabu kikirekebishwa, soko zima litajua tulisema uongo. Mgeni gani atarudi kwetu?

— Nipe kalamu, Tolib.

Wakili aliandika mistari mitatu, mwandiko wa karani, umenyooka. Redio akaomba aandikiwe, maana miwani yake ilikuwa dukani, akaweka sahihi yake chini. Mashine alisimama juu ya kitanda, amekunja ngumi.

— Mnanitazama nini? Mimi ndiye mwenye kosa peke yangu? Nilisema kisu kinafanana na kazi ya babu yangu. Kufanana. Mtu haruhusiwi kusema kinafanana?

Ndipo nilipoelewa kwa nini kurasa tatu mbele ya ile ya tisini na nne kulikuwa na visu sita vya Mashine, na chini yake: "Ukoo wa wahunzi wa vizazi vitano."

Mavjuda alikuwa ameshaufunga mzigo wake. Alimtazama kutoka chini, bila haraka.

— Baba Abdukahor, babu yako alikuwa akifanya kazi gani?

Swali hilo hata kipofu wa sokoni angelijibu. Sote wanne tulilijua jibu, na Holmat, aliyekuwa amesimama mlangoni na kitambaa begani, alilijua pia. Mashine alitafuta viatu vyake, akavaa kimoja, kingine akakishika mkononi, akaondoka hivyo kuelekea dukani kwake.

Yule wa Tashkent alivipokea visu vyote kumi na viwili. Matthias alijibu baada ya miezi miwili, akaomba radhi, akasema chapa ijayo itaandikwa jina la Yuldash, na akauliza kuhusu ule ukoo wa vizazi vitano. Barua hiyo Mavjuda alimpelekea Mashine mwenyewe, hakuitangaza sokoni. Kama kaijibu, hatujui. Kijiweni haji tena. Redio siku hizi akianza kusimulia jambo hukatiza katikati na kusema, hapa sina hakika. Mavjuda hupita asubuhi akienda kufungua karakana, huwasalimia Redio na Wakili kwa majina. Mimi hunipita. Simdai salamu.

Babu yake Mashine alikuwa akiuza matikiti, barabara ya Namangan, na watu walimpenda, maana alikuwa akikukatia kipande uonje kwanza. Mashine angelisema hivyo, yule Mjerumani angelipiga picha kisu chake cha matikiti pia.