Fungua Kidogo

Tuktuk ilipotoka Migosi, Nabututu alikuwa amelikumbatia bakuli lake mapajani kama mtu aliyebeba mayai. Ndani mlikuwa na biskuti za kupeleka Otonglo kwa wakwe watarajiwa, waliokuwa hawajamwona bado. Kila moja ilikuwa na ua la aisingi, ile sukari laini ya kupambia keki, alilojifunza kuchora kwa simu wiki nzima.

"Umefunika biskuti za aisingi?" akauliza mama aliyeketi kando yake, ingawa hakuna aliyemuuliza kitu. "Mbona aisingi inanukia bado mbichi? Hiyo inataka upepo, nyathina, mwanangu, ndio ikauke. Ukifunika hivi itatoa jasho, iyeyuke yote."

"Mama yangu alisema chakula kisipite njiani wazi. Macho ya watu hukiharibu."

"Watu gani? Tuko mimi na wewe na dereva."

Ndio hao hao Nabututu aliokuwa akiwahofia.

"Mimi naoka keki za harusi miaka kumi na mbili," mama akasema kwa upole. "Fungua kidogo tu nione."

Asingesema "nione", pengine angefungua.

Tuktuk ikasimama Otonglo. Wifi yake mtarajiwa alikuwa tayari barabarani, amenyoosha mikono kupokea bakuli, na Nabututu mwenyewe hakujua tena kilichomo, maua au uji wa sukari.